Nahodha na Serahangi: Uongozi wa Utendaji katika Serikali za Jamii za Wamikmaki na Mtihani wa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii aghalabu hutumiwa kuonya dhidi ya wingi wa viongozi. Hata hivyo, mabaharia wa pwani wanajua fika kwamba jahazi halikosi kuwa na wakuu zaidi ya mmoja. Yupo mwenye chombo, ambaye pengine hapandi kabisa. Yupo nahodha, anayeamua chombo kielekee wapi na kitie nanga lini. Kisha yupo serahangi, anayewasimamia mabaharia ili tanga litwekwe, shehena ipangwe na maji ya ngama yatolewe. Chombo hakiendi mrama kwa sababu wakuu hawa ni watatu, bali pale mipaka ya kazi zao inapovurugika.

Makala haya yanachunguza kazi ya serahangi mahali ambapo huenda msomaji wa Kiswahili hakutarajia kupelekwa, yaani katika serikali za jamii za Wamikmaki wa mashariki ya Kanada. Huko, jamii huchagua baraza lake, na baraza nalo huajiri ofisa mkuu wa kuendesha kazi za kila siku. Maswali yanayoongoza makala ni mawili: ofisa huyu hufanya nini hasa, na Kiswahili kimwite nani? Maswali hayo hayatenganiki. Itabainika kwamba maneno manne yanayomjia mfasiri upesi, yaani Mhindi, chifu, bendi na operesheni, yote yanapotosha. Na kwamba kila moja likichunguzwa vyema hufungua ukurasa mmoja wa historia ya cheo hiki. Hoja kuu ni kuwa istilahi ya utawala haipatikani kwa kutafsiri neno, bali kwa kuielewa kazi kwanza.

Wamikmaki na nchi yao

Wamikmaki ni wenyeji wa asili wa nchi waiitayo Mi'kma'ki. Nchi hiyo inajumuisha mkoa wa Nova Scotia pamoja na kisiwa cha Cape Breton, Kisiwa cha Prince Edward, mashariki ya New Brunswick, rasi ya Gaspé katika Quebec, na sehemu za Newfoundland. Kwa desturi iligawanywa katika wilaya saba. Katika Nova Scotia pekee leo kuna jamii 13 za Wamikmaki zinazotambuliwa kisheria, kila moja ikiwa na serikali yake.

Lugha yao ni ya jamii ya lugha za Kialgonkwini. Mwanafunzi wa Kiswahili atafurahishwa na mambo mawili. Kwanza, nomino zake hugawanywa katika makundi mawili makuu, vyenye uhai na visivyo na uhai, na mgawanyo huo hutawala upatanisho wa kisarufi, kama ngeli zinavyofanya katika Kiswahili ingawa kwa njia tofauti. Pili, jina la watu lenyewe lina umoja na wingi: mtu mmoja ni Mi'kmaw, wengi ni Mi'kmaq. Hali kadhalika, kiongozi mmoja ni saqamaw na wengi ni saqamaq. Kwa sababu hiyo, umbo 'Wamikmaki' linalotumiwa hapa limebeba alama mbili za wingi, moja ya Kiswahili mwanzoni na nyingine ya wenyewe mwishoni. Kosa hili ni dogo na limezoeleka katika ukopaji wa maneno. Makosa yanayofuata si madogo.

Neno la kwanza: Mhindi

Sheria kuu inayozitawala jamii za wenyeji wa Kanada ilitungwa mwaka 1876, na jina lake rasmi huwaita wenyeji kwa neno ambalo likitafsiriwa sisisi kwa Kiswahili huwa 'Wahindi'. Msomaji wa Mombasa au Kisumu akisoma 'Sheria ya Wahindi' atawafikiria watu wenye asili ya Bara Hindi, majirani zake wa miaka mingi. Kuongeza kivumishi 'wekundu', kama ilivyofanywa katika vitabu vya zamani, hakuondoi tatizo. Kunaongeza dharau juu ya kosa la jiografia ambalo mabaharia wa Uhispania walilifanya mwaka 1492. Inafaa basi kusema Sheria ya Wenyeji ya 1876.

Sheria hii ndiyo chimbuko la cheo kinachochunguzwa. Chini yake, kila eneo la jamii za wenyeji lilisimamiwa na wakala wa serikali. Wakala huyo ndiye aliyeshika mkoba wa fedha, aliyegawa posho na mbegu, aliyeandika taarifa kwenda Ottawa, na hata aliyeongoza vikao vya baraza la jamii. Baraza liliweza kupitisha azimio, lakini azimio halikuwa na nguvu pasipo idhini kutoka juu. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura katika chaguzi hizo hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1951. Kwa ufupi, utendaji wote ulikuwa mikononi mwa mgeni.

Athari zake zilionekana wazi miaka ya 1940, wakati serikali ya Kanada ilipoanzisha sera ya kuwakusanya Wamikmaki wa Nova Scotia katika vituo viwili, Eskasoni na Shubenacadie. Familia ziliacha mashamba na nyumba zao kwa ahadi ambazo nyingi hazikutimizwa. Sera hiyo haikupangwa na Wamikmaki. Ilipangwa kwa ajili ya urahisi wa ofisi. Huu ndio mfano mchungu wa utendaji usiowajibika kwa wanaotendewa.

Mawakala waliondolewa katika miaka ya 1960. Katika muongo uliofuata, kazi za elimu, nyumba, ustawi wa jamii na barabara zilianza kukabidhiwa mabaraza yenyewe. Hapo ndipo ulipozuka ulazima wa kumwajiri mtu wa kuzisimamia. Mtendaji mkuu wa leo, kwa hivyo, amekalia kiti kilichoachwa wazi na wakala. Tofauti, na ni tofauti kubwa, ni kwamba yeye ameajiriwa na jamii na anaweza kuachishwa kazi na jamii.

Neno la pili: chifu

Kiongozi aliyechaguliwa wa jamii ya Wamikmaki huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo Kiswahili cha Kenya kimelikopa kama 'chifu'. Hapa mtego ni mkali zaidi, kwa kuwa neno lipo na linaeleweka. Lakini linaeleweka vipi? Nchini Kenya, chifu ni mtumishi wa serikali. Cheo chake kilitiwa mizizi na sheria ya kikoloni ya mwaka 1902 iliyoidhinisha uteuzi wa wakuu wa vijiji, na hata baada ya uhuru kimebaki kuwa cheo cha kuajiriwa, chini ya utawala wa serikali kuu. Chifu hapigiwi kura. Anayesoma kwamba 'chifu wa Membertou' aliongoza mapatano fulani atadhani kuwa serikali ya Kanada ilimtuma. Kumbe hali ni kinyume: amechaguliwa na watu wake ili azungumze na serikali hiyo.

Hata hivyo, uchaguzi wenyewe una historia yake. Kabla ya Sheria ya Wenyeji, Wamikmaki walikuwa na Baraza Kuu, Sante' Mawio'mi, lililoundwa na viongozi wa wilaya chini ya kiongozi mkuu aitwaye kjisaqamaw. Miongoni mwa maofisa wake alikuwamo putu's, mtunzaji wa kumbukumbu za mikataba, aliyezisoma kutoka katika mikanda ya shanga. Baraza hilo lipo hadi leo na linaheshimiwa, hasa katika mambo ya kiroho, ya mila na ya mikataba. Mfumo wa baraza la kuchaguliwa uliwekwa juu yake na sheria ya kigeni. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa. Anawakumbuka akida na majumbe wa utawala wa Wajerumani, ambao vyeo vyao vilikuwa vya zamani lakini utiifu wao ulielekezwa kwingine.

Chini ya sheria hiyo, baraza hudumu kwa miaka 2 tu, na idadi ya madiwani ni mmoja kwa kila watu 100, wasipungue 2 wala wasizidi 12. Sheria nyingine ya uchaguzi, iliyoanza kutumika mwaka 2015 kwa jamii zinazoichagua, imeurefusha muhula hadi miaka 4. Nyingine hufuata kanuni zao wenyewe za uchaguzi. Muhula wa miaka 2 ni mfupi mno kwa mradi wa maji safi au wa shule. Baraza linaloanza kuchimba msingi huenda lisiwepo wakati wa kuezeka paa. Ndipo umuhimu wa mtendaji mkuu unapodhihirika: yeye ndiye kumbukumbu ya serikali. Baraza jipya linapoingia, humkuta akijua mkataba upi umetiwa sahihi, deni gani linadaiwa na ahadi ipi ilitolewa kwa nani.

Neno la tatu: bendi

Katika sheria ya Kanada, jamii ya wenyeji yenye ardhi na fedha zake huitwa kwa neno lenye maana ya kundi la watu waliofungamana pamoja. Neno hilo hilo la Kiingereza ndilo lililozaa 'bendi' ya Kiswahili. Lakini Kiswahili kilikopa upande mmoja tu wa maana: bendi kwetu ni wanamuziki. 'Meneja wa bendi', ambayo ndiyo tafsiri ya neno kwa neno ya jina la zamani la cheo hiki, ni mtu anayepanga maonyesho na kulipa wapiga magitaa. Mfano huu unafaa kufundishia kanuni moja ya ukopaji: neno lililokopwa halisafiri na maana zake zote, na mfasiri asidhani kuwa sauti zikifanana basi dhana zimefanana.

Wamikmaki wenyewe wameliacha neno hilo katika mazungumzo ya heshima, na badala yake hutumia majina ya mahali, kama vile Eskasoni, Membertou, Potlotek, We'koqma'q na Miawpukek, pamoja na istilahi inayoweza kutafsiriwa 'Taifa la Kwanza'. Makala haya yanatumia 'jamii', na 'serikali ya jamii', kwa kuwa chombo kinachozungumziwa ni serikali kamili: hutoza, hutoa huduma, hutunga kanuni na hukaguliwa.

Ni huduma zipi? Orodha ni ndefu kuliko inavyotarajiwa kwa jamii yenye watu mia kadhaa au elfu chache. Kuna shule, zahanati, nyumba, maji na maji taka, barabara, ustawi wa watoto, misitu, uvuvi na biashara za jamii. Fedha nyingi hutoka katika serikali ya Kanada kwa mikataba yenye masharti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Aprili na kumalizika 31 Machi. Tangu 2019, jamii zilizothibitisha uwezo wao wa kusimamia fedha zinaweza kupewa ruzuku ya miaka 10, badala ya kuomba upya kila mara.

Suala la nyumba linaonyesha uzito wa kazi hii. Sheria ya Wenyeji inazuia mali ya mwenyeji iliyo ndani ya ardhi ya jamii isitwaliwe na mdai wa nje. Kinga hiyo ililinda ardhi isinyakuliwe, lakini pia ilifanya benki zisite kukopesha, kwa kuwa haziwezi kuchukua nyumba kama dhamana. Matokeo yake ni kwamba mzigo wa kujenga nyumba huiangukia serikali ya jamii yenyewe. Baraza hutunga sera: nani apewe nyumba kwanza, wazee, wenye watoto wengi, au walemavu? Mtendaji mkuu na wafanyakazi wake huandaa orodha kufuatana na sera hiyo. Tuseme sasa kuna nyumba tano na maombi hamsini, na mmoja wa waombaji ni mpwa wa diwani. Katika jamii ndogo ambamo karibu kila mtu ni jamaa ya mwingine, hali hii si ya kubuni sana. Mtendaji akifuata orodha, huenda akamuudhi anayemlipa mshahara. Akiipindua, ameua imani ya watu 45. Hapa ndipo mpaka kati ya nahodha na serahangi hujaribiwa: baraza liamue kanuni, lisichague majina, mtendaji atekeleze kanuni, asiibuni.

Neno la nne: operesheni

Jina la kisasa la cheo hiki katika jamii nyingi likitafsiriwa kwa haraka litakuwa 'Mkurugenzi wa Operesheni'. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, operesheni ni ama upasuaji hospitalini ama msako wa vyombo vya usalama. Watanzania wataikumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Wakenya wataikumbuka Operesheni Linda Nchi ya 2011 nchini Somalia. Neno hili limebeba amri, haraka na nguvu. Kazi ya ofisa wa Wamikmaki haina hata moja kati ya hizo tatu. Inahitaji ushauri, subira na uthabiti.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Mataifa ya Kwanza, iliyopitishwa na Bunge la Kanada mwaka 2005, inasaidia kuifafanua. Jamii hujiunga kwa hiari. Inayojiunga na kutaka kukopa kwa masharti nafuu hutakiwa kutunga sheria yake ya fedha kufuatana na viwango vya bodi inayoongozwa na wenyeji wenyewe. Viwango hivyo vinatambua vyeo tofauti: baraza, lenye wajibu wa mwisho, kamati ya fedha na ukaguzi, meneja mwandamizi, anayeongoza upangaji, utekelezaji na tathmini ya kazi zote za kila siku na kuwajibika kwa baraza, na mkuu wa fedha. Tofauti na enzi ya wakala, mshika mkoba si yule yule anayeamua matumizi, wala si yule anayekagua hesabu.

Membertou: mfano halisi

Jamii ya Membertou iko ndani ya mji wa Sydney katika kisiwa cha Cape Breton. Haikuwa hapo tangu awali. Wakazi wake waliishi karibu na bandari, kando ya barabara ya Kings, hadi mahakama ilipoamuru mwaka 1916 kuwa wahamishwe; uhamisho ulikamilika mwaka 1926. Terrance Paul alichaguliwa kuiongoza kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Katikati ya miaka ya 1990, bajeti ya jamii ilikuwa kiasi cha dola milioni 4, na kila mwaka ilipungukiwa kwa karibu dola milioni 1.

Baraza likaamua kujenga upya utendaji kabla ya kutafuta utajiri. Bernd Christmas, Mmikmaki aliyekuwa wakili Toronto, aliitwa nyumbani kushika uongozi wa utendaji wa shirika la jamii. Hesabu ziliwekwa wazi kwa wanajamii, matumizi yakabanwa, na taratibu za ofisi zikaandikwa moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Membertou ilipata hati ya ubora ya ISO 9001 na kutajwa kuwa ya kwanza miongoni mwa serikali za wenyeji kuipata. Mshauri mwandamizi wa jamii hiyo, Dan Christmas, aliteuliwa mwaka 2016 kuwa Mmikmaki wa kwanza katika Seneti ya Kanada, akastaafu mwaka 2023.

Tunda kubwa lilionekana tarehe 25 Januari 2021. Siku hiyo muungano wa jamii za Wamikmaki, ukiongozwa na Membertou na Miawpukek, ulikamilisha ununuzi wa kampuni ya vyakula vya baharini ya Clearwater kwa kushirikiana na kampuni ya Premium Brands, katika mapatano ya thamani ya takriban dola bilioni 1 za Kanada. Jamii zilipata nusu ya umiliki, zikiwezeshwa na mkopo wa dola milioni 250 kutoka kwa mamlaka ya fedha iliyoundwa chini ya sheria ya 2005. Viongozi waliochaguliwa ndio waliotia sahihi. Lakini hakuna mkopeshaji anayetoa milioni 250 kwa sahihi pekee. Kilichokopesheka kilikuwa miaka ishirini na zaidi ya vitabu vya hesabu vilivyotunzwa vizuri.

Wako wanaouliza iwapo viwango vya kampuni na hati za kimataifa havigeuzi serikali ya jamii kuwa duka. Swali hilo ni la haki. Jibu lake, kwa kiasi fulani, limo katika kesi za uvuvi.

Haki mahakamani, kazi ofisini

Mwaka 1993, Donald Marshall Mdogo, mzaliwa wa Membertou, alivua na kuuza mikunga yenye uzito wa ratili 463 kwa dola 787.10, bila leseni na nje ya msimu. Alishtakiwa. Tarehe 17 Septemba 1999, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba mikataba ya amani na urafiki ya 1760 na 1761 iliwapa Wamikmaki haki ya kuvua na kuuza ili kujipatia riziki ya wastani. Hukumu hiyo iligusa jamii 34 za Wamikmaki na majirani zao.

Ushindi huo ulikuwa wa mahakamani. Kesho yake ilianza kazi ya ofisini. Nani apewe mtego wa kambakoche? Mitego mingapi? Nani atakagua ukubwa wa kambakoche? Mashua zinunuliwe kwa fedha gani, na mabaharia wafunzwe wapi? Mnamo 2020, jamii za Sipekne'katik na Potlotek zilipoanzisha uvuvi wa riziki kwa mipango yao wenyewe, zilitoa leseni na vitambulisho vya mitego kutoka katika ofisi zao. Uvuvi wa Sipekne'katik ulikabiliwa na ghasia za wavuvi wengine, na jengo moja la kuhifadhia kambakoche likateketezwa kwa moto mwezi Oktoba mwaka huo. Katika hali kama hiyo, daftari la leseni si karatasi tu. Ni ushahidi kwamba haki inatumiwa kwa utaratibu. Wamikmaki wana dhana ya netukulimk, yaani kutumia riziki ya asili kwa kiasi kinachotosha bila kuwanyima watakaokuja. Mtendaji mkuu hutakiwa kuigeuza dhana hiyo iwe idadi ya mitego. Haki isiyo na mtekelezaji hubaki kuwa sentensi nzuri katika hukumu.

Lugha katika ofisi ya mtendaji

Kuanzia 1930 hadi 1967, watoto wengi wa Kimikmaki walipelekwa katika shule ya bweni ya Shubenacadie, ambako walikatazwa kusema lugha yao na kuadhibiwa waliposema. Vizazi vilivyofuata vilirithi ukimya huo. Urejeshaji wa lugha ulihitaji sheria, lakini vilevile ulihitaji utawala. Katika miaka ya 1970, mwanaisimu Bernie Francis, Mmikmaki, pamoja na Doug Smith, walitayarisha mfumo wa maandishi unaotumiwa sana leo Nova Scotia. Mwaka 1998, sheria ya elimu ilizirejeshea jamii kadhaa za Nova Scotia mamlaka juu ya shule zao. Huko Eskasoni, masomo yanayofundishwa kwa Kimikmaki yalianza mwaka 2000, na shule yake ikapata jengo lake mwaka 2015. Mwaka 2022, Nova Scotia ilitunga sheria inayokitambua Kimikmaki kuwa lugha ya kwanza ya mkoa huo.

Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba lugha haiishi kwa kutangazwa. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini fomu ngapi za ofisini zimeandikwa kwa Kiswahili? Swali hilo hilo humkabili mtendaji mkuu wa Kimikmaki. Yeye ndiye anayeamua kama tangazo la kazi litadai ujuzi wa lugha, kama mpokezi wa zahanati ataweza kuzungumza na bibi mzee, na kama bajeti ya mwalimu itapitishwa kabla ya tarehe 31 Machi. Mzee Albert Marshall wa Eskasoni ameipa dunia dhana ya Etuaptmumk, yaani kuona kwa macho mawili: jicho moja likitumia nguvu za maarifa ya wenyeji, la pili nguvu za maarifa ya kimagharibi, na yote mawili yakifanya kazi pamoja. Ofisi inayokagua hesabu kwa kanuni za kimataifa na kumsalimu mzee kwa lugha yake imeanza kuona hivyo.

Kiswahili kimwite nani?

Baada ya kuifahamu kazi, kutafuta jina si vigumu. Mzizi -tend- umezaa tenda, mtendaji na utendaji. Tanzania imeutumia kwa muda mrefu katika cheo cha Afisa Mtendaji wa Kijiji, anayefanya kazi sambamba na mwenyekiti aliyechaguliwa na wanakijiji. Uhusiano wa wawili hao unakaribiana sana na ule wa Wamikmaki, ingawa mtendaji wa kijiji huajiriwa na halmashauri ya wilaya, ilhali wa Wamikmaki huajiriwa na jamii yenyewe. Kenya nayo ina katibu wa kaunti, lakini neno 'katibu' asili yake ni mwandishi, na huenda likapunguza uzito wa usimamizi.

Inapendekezwa basi kwamba ofisa huyu aitwe Mtendaji Mkuu wa Jamii. Kiongozi aliyechaguliwa aitwe Mkuu wa Jamii, au abaki saqamaw panapohitajika jina la wenyewe. Na chombo chao kiitwe Baraza la Jamii. Majina haya hayampi mtendaji kofia ya nahodha, wala hayamfanyi tarishi.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa cheo cha Mtendaji Mkuu wa Jamii kilizaliwa pale wakala wa kikoloni alipoondoka, kikapata uzito kutokana na ufupi wa mihula ya mabaraza, kikapimwa na ugumu wa kugawa kichache kwa wengi walio jamaa, na kikathibitisha thamani yake pale haki zilizoshindwa mahakamani zilipohitaji kutekelezwa. Yamebainisha pia kwamba maneno Mhindi, chifu, bendi na operesheni yangaliifuta historia yote hiyo kwa mpigo mmoja. Mfasiri mwema hufanana na serahangi: hafanyi maamuzi ya nahodha, lakini akilegea, shehena haifiki. Mgala muue na haki yake mpe. Na haki ya kwanza ya watu wowote ni kutajwa kwa namna wanavyojijua.

Maswali ya mjadala

1. Jadili jinsi neno 'chifu' lilivyopata maana yake katika Kiswahili cha Kenya, na ueleze kwa nini halifai kumtaja kiongozi wa kuchaguliwa.
2. Linganisha majukumu ya Mtendaji Mkuu wa Jamii ya Wamikmaki na ya Afisa Mtendaji wa Kijiji nchini Tanzania.
3. "Neno lililokopwa halisafiri na maana zake zote." Thibitisha kauli hii kwa mifano mitano kutoka nyanja ya utawala.
4. Chagua fomu moja ya ofisi ya umma katika kaunti yako. Itafsiri kwa Kiswahili, kisha ueleze ni istilahi zipi zilikulazimu kuielewa kazi kabla ya kulitaja jina lake.